Amplifaya ya bei mbaya ifunikwe shuka kabla ya kulipiwa

MNUNUZI wa mchele hutafuna punje mbili tatu kabla ya kukubali bei. Mnunuzi wa gari huja na fundi wake, akafunua boneti na kusikiliza injini. Lakini mnunuzi wa amplifaya ya mamilioni ya shilingi hukalishwa kwenye kiti laini dukani, akapigiwa wimbo mmoja uliochaguliwa na muuzaji, na baada ya robo saa anahesabu noti.

Akifika nyumbani anasoma chini ya risiti maneno yale yale yaliyozoeleka, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa redio ya kawaida kanuni hiyo haiumizi sana. Kwa vyombo vya muziki vya daraja la juu inaumiza, kwa sababu fedha nyingi za ziada zinazolipwa pale ni za tofauti ya sauti, na tofauti hiyo haipimiki dukani. Hupimika sebuleni kwa mnunuzi, tena kwa njia ambayo wauzaji wengi hawaipendi: chombo kikiwa kimefunikwa na msikilizaji hajui ni kipi kinachopiga.

Wateja wa bidhaa hizi katika miji ya Afrika Mashariki ni wachache, lakini wapo. Wapo wenye nafasi zao wanaonunua vipya, na wapo wapenzi wa santuri wanaoagiza vilivyotumika kutoka Uingereza, Japani na Marekani. Hao wa pili mara nyingi ni watu wa mshahara, waliokusanya akiba mwaka mzima ama zaidi. Ni hao wanaostahili kuangaliwa hapa, maana tajiri akikosea amplifaya humpa shemeji yake na kununua nyingine.

Suala la kupima kwa kufumbwa macho lina historia ndefu huko vyombo vinakotengenezwa. Mwaka 1978 nchini Uingereza mhandisi James Moir alisimamia jaribio lililowaudhi wengi walioamini kuwa valvu ina utamu usiopatikana kwenye transista. Zilishindanishwa amplifaya tatu za kampuni ya Quad: ile ya valvu ya Quad II iliyobuniwa miaka ya 1950, ya transista ya 303 ya miaka ya 1960, na ya 405 iliyokuwa mpya wakati huo. Wasikilizaji wenye uzoefu walishindwa kuzitofautisha.

Miaka saba baadaye, mwaka 1985, mtengenezaji wa Marekani Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kuwa angeweza kuifanya amplifaya yake ya bei ya kawaida itoe sauti sawa na amplifaya yoyote ya bei kubwa watakayoichagua wao. Walimpa saa 48. Alijifungia hotelini na vifaa vyake vya kuchomelea, na muda ulipokwisha wahariri hao walikiri kuwa hawakuweza kuzitenganisha.

Januari 1987 jarida jingine la Marekani, Stereo Review, lilichapisha jaribio lililohusisha amplifaya za bei mbalimbali, kuanzia mashine ya dola 220 hivi hadi jozi ya valvu ya dola 12,000. Waliomo walikuwa wale wanaoamini kuwa tofauti zipo na wale wasioamini. Macho yalipofumbwa na sauti kulinganishwa, kambi zote mbili zilibahatisha kwa kiwango kile kile cha sarafu inayorushwa juu.

Wapo wanaosema majaribio hayo yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi rekodi zina ubora mkubwa zaidi kuliko CD. Hoja hiyo nayo ilipimwa. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran, wa chama cha wapenda sauti cha Boston, walitoa matokeo ya majaribio 554 ambapo rekodi za ubora wa juu zilishindanishwa na zenyewe zikiwa zimepitishwa kwanza kwenye kiwango cha kawaida cha CD. Majibu sahihi yalikuwa 276, yaani hayakufika hata nusu.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London alikusanya majaribio 18 ya aina hiyo kutoka kwa watafiti mbalimbali, akakuta kuwa kwa ujumla watu hupatia kidogo zaidi ya nusu, na kwamba waliofundishwa kusikiliza hupatia zaidi. Kwa hiyo tofauti ipo, ila ni nyembamba. Swali la mnunuzi ni kama wembamba huo una thamani ya shilingi milioni kumi.

Jaribio lenye funzo kubwa zaidi kwa mfanyabiashara, hata hivyo, ni lile la mwaka 1994 lililofanywa na Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman ya Marekani. Wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo walisikiliza spika nne mara mbili, mara moja wakiwa wanaziona na mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia.

Walipoziona, spika kubwa na za kupendeza zilipata alama za juu, na seti ndogo ya plastiki ya bei rahisi ikashushwa. Pazia liliposhuka, ile seti ndogo ilipanda. Zaidi ya hapo, wasikilizaji walipokuwa wakiona walikaribia kutotambua hata spika ilipohamishwa kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine, jambo ambalo hubadilisha sauti kweli kweli. Macho yalikuwa yameshaamua na masikio yakanyamaza.

Hawa hawakuwa watu wa kubabaishwa. Walikuwa wanafanya kazi katika kampuni ya spika.

Muuzaji aliyebobea anaijua hali hiyo bila kusoma utafiti wowote. Ndiyo maana chombo cha bei kubwa huwekwa kwenye meza yake peke yake, chini ya taa, na kile cha bei ndogo hupangwa rafuni pamoja na pasi na feni.

Anajua na jambo la pili, ambalo ni hatari zaidi kwa mfuko wa mnunuzi. Sikio la binadamu likisikia sauti iliyozidi kidogo sana, chini ya desibeli moja, halisemi kuwa sauti ni kubwa zaidi. Husema ni safi zaidi, ina uhai zaidi, besi imejaa. Kusogeza kitasa cha sauti kwa unywele mmoja kunatosha kuuza amplifaya. Si lazima muuzaji awe mwongo. Mashine mbili zikiwekwa vitasa mahali pamoja karibu kila mara hutoa sauti zisizolingana, na ile inayozidi ndiyo inayosifiwa.

Kwa sababu hiyo jaribio lolote la nyumbani lisilolinganisha sauti kwa kipimo halina thamani. Kulinganisha kwa sikio hakutoshi. Inahitajika mita ya umeme, ile ile inayotumiwa na mafundi redio, pamoja na mlio wa majaribio wa hezi 400, ambao mita nyingi za bei ndogo husoma vizuri.

Mlio unapigwa kupitia amplifaya ya kwanza, mita inawekwa kwenye vituo vya spika ikiwa upande wa volti za AC, na kitasa kinasogezwa hadi isome volti 2.83. Amplifaya ya pili nayo inafikishwa hapo hapo, ikiwa imepita au imepungua kwa volti 0.03 tu, ambayo ni sawa na desibeli 0.1 hivi. Mita ikiwa inadanganya kidogo si neno, maana itazidanganya zote mbili sawasawa. Vitasa vibandikwe utepe ili asije mtu akavigusa. Mlio huo unakera, lakini kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Tahadhari mbili zinafaa. Amplifaya mbili zisiunganishwe kwenye spika moja kwa wakati mmoja, maana zitaunguzana. Na amplifaya ya valvu isipigishwe ikiwa haina spika, kwa vile transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuharibika. Fundi wa mtaani anaweza kutengeneza kisanduku chenye swichi ya kuhamisha spika kutoka mashine moja hadi nyingine, nacho ni msaada mkubwa kwa mashine za transista, kwa sababu kumbukumbu ya sauti ni fupi na dakika mbili za kubadilisha waya zinatosha kuipoteza. Kwa valvu, waya zibadilishwe mashine zikiwa zimezimwa, na uvumilivu uongezwe.

Baada ya hapo vyombo vyote vinafunikwa shuka. Msaidizi mmoja anarusha sarafu, anachagua mashine kufuatana na sarafu, anaandika kwenye daftari na kukaa kimya mahali asipoonekana uso. Msikilizaji anapiga nyimbo zake mwenyewe anazozijua, anaandika jibu lake, na hakuna kuambiana kitu hadi mwisho. Msaidizi asiyejizuia kutabasamu abadilishwe.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanajaribu mara tatu, wanapatia zote tatu, wanapeana mikono na kwenda kulipa. Mtu anayebahatisha ana nafasi moja kati ya nane ya kupatia zote tatu. Wakialikwa marafiki wanane sebuleni na kila mmoja akajaribu mara tatu, inatarajiwa mmoja wao atapatia zote kwa bahati tu, na jioni hiyo ataondoka akiwa amepewa cheo cha mtaalamu.

Majaribio kumi ni bora, lakini ni lazima kupatia tisa. Kupatia saba kati ya kumi hutokea kwa kubahatisha karibu mara moja katika kila sita. Majaribio 16 ni bora zaidi, na hapo 12 sahihi zinatosha kusema kuna kitu kimesikika, kwa kuwa anayebahatisha hufikia hapo chini ya mara nne katika mia. Si lazima yafanyike siku moja. Wapinzani wa njia hii husema kuwa mtu akiwa mtihanini masikio hukakamaa, kwamba uzuri wa chombo hujulikana kwa kuishi nacho. Basi na aishi nacho. Shuka haina haraka. Jaribio moja kila jioni kwa majuma mawili linawezekana, chai ikiwa mezani.

Matokeo yatategemea kinachopimwa. Amplifaya mbili za transista zilizo nzima, zenye nguvu ya kutosha na zisizolazimishwa kupita uwezo wake, kwa kawaida hazitatofautishwa. Ya valvu yenye nguvu ndogo ikipewa spika ngumu inaweza kutambulika mara moja, na huenda mtu akaipenda zaidi. Hilo ni chaguo lake na ni la haki. Iliyotumika miaka 40 na ambayo kapasita zake zimekauka nayo itatambulika, lakini hiyo inahitaji fundi kabla ya kuhitaji msikilizaji.

Wati nazo ziangaliwe kwa jicho la baridi. Kutoka wati 50 hadi 100 ni nyongeza ya desibeli tatu tu. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili zinahitajika wati mara kumi. Kuhusu yale maelfu ya PMPO yaliyokuwa yakibandikwa kwenye redio za kaseti, hakuna haja ya kupoteza wino.

Nyaya zinamalizwa kwa hesabu. Waya wa shaba wa milimita 2.5, ule wa soketi unaouzwa kila duka la vifaa vya umeme, ukivutwa mita tano kwenda na tano kurudi una ukinzani wa omu 0.074 hivi. Kwa spika ya omu nane hiyo ni chini ya asilimia moja, na sauti hupungua kwa chini ya desibeli 0.1. Mwaka 2007 James Randi wa Marekani alitangaza kuwa dola milioni moja zingetolewa kwa atakayetofautisha nyaya za spika za dola 7,250 na nyaya nzuri za kawaida akiwa amefumbwa macho. Yalifuata mabishano, na jaribio halikufanyika.

Fedha ziende kwenye spika, na baada ya spika ziende kwenye chumba. Spika mbili za aina tofauti hazihitaji majaribio 16, hutambulika katika wimbo wa kwanza. Ugumu wake ni mwingine: spika inayopendeza dukani kwenye zulia na viti vya kitambaa itapelekwa kwenye nyumba ya kuta za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo, ambako mtu akipiga kofi moja husikia kofi lake likirudi. Chumba kama hicho hakitengenezwi na amplifaya. Zulia zito, mapazia, kabati la vitabu na kusogeza spika mbali na pembe za ukuta vitafanya kazi ambayo milioni kumi za mashine haziwezi, na hivyo vyote vinaweza kupimwa kabla ya kununuliwa, kwa kuazima zulia la jirani.

Kwa anayeagiza mtumba kuna mtego wa umeme ambao hauna uhusiano wowote na ladha. Vyombo vya Japani vimetengenezwa kwa volti 100 na vya Marekani kwa volti 120. Vikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 au 240 vinaungua, na hakuna jaribio tena. Transfoma ya kushushia umeme huondoa hatari hiyo kwa amplifaya.

Kwa gramafoni bado kuna tatizo. Nyingi za zamani kutoka Marekani zina mota inayofuata mzunguko wa umeme, nao huko ni hezi 60 wakati huku ni 50. Transfoma hubadilisha volti tu. Santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka mara 28 hivi, na sauti ya mwimbaji wa kike itazama hadi adhaniwe kuwa kaka yake. Kabla ya kubishana kuhusu uzuri wa sindano, mnunuzi aulize kama kuna kipuli cha mota cha hezi 50 kinachopatikana.

Yote hayo yanarudi kwenye risiti. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji. Muuzaji akisema mashine ina wati 100 na ikakutwa ina 20, kuna pa kulalamika. Akisema sauti yake ni tamu, hakuna. Kwa hiyo mnunuzi wa utamu analindwa na kitu kimoja, ruhusa ya kwenda nayo nyumbani, kuijaribu na kuirudisha. Wauzaji wengi wa vyombo hivi nchini Uingereza na Marekani wamekuwa wakiwakopesha wateja vyombo kwa siku kadhaa kwa kazi hiyo hiyo, na wameishi.

Wafanyabiashara wa huku wana pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba wateja wakipima kwa shuka wataacha kununua vya bei kubwa. Baadhi wataacha, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini chombo cha bei kubwa huwa na mambo mengine ya kuuzwa waziwazi: kasha lililotengenezwa kwa ustadi, dhamana, vipuri vinavyopatikana, fundi anayekijua, na bei ya kuridhisha siku ya kukiuza tena. Mtu anayejua hasikii tofauti na bado akataka kile kizuri cha kutazamwa na wageni hajadanganywa. Atalipa akiwa amefumbua macho na hatarudi na ugomvi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi kwa anayezijua tabia za wateja. Atachukua spika Ijumaa, apigie harusi ya mpwa wake Jumamosi, na Jumatatu azirudishe akisema hazikumridhisha.

Dawa yake ni maandishi. Mteja aache bei yote dukani kama amana. Namba za chombo ziandikwe na mikwaruzo iliyopo itajwe. Mita ya muuzaji iende pamoja na mzigo, ili asiwepo wa kusema hakuwa na kipimo. Siku saba zikiisha, chombo kikirudi kizima, amana irudishwe ikiwa imekatwa kiasi kidogo kilichokubaliwa cha uchakavu. Na kila Jumamosi iliyomo ndani ya siku hizo saba itozwe kodi ya kukodisha muziki kwa bei ya soko la harusi. Asiyekuwa na harusi ataomba achukue mzigo Jumapili asubuhi na kuurudisha Ijumaa jioni, na muuzaji atajua anashughulika na mnunuzi.